Kilua cha Bibi na Kitwitwi wa Mjomba

Mabishano yenyewe yalianzia barazani kwa bibi yangu, Ngamiani hapa Tanga, asubuhi ya pili baada ya harusi ya binamu yangu. Wanawake walikuwa wakikusanya vikuba vilivyonyauka, na mjomba wangu, ambaye ni mvuvi wa Sahare, alikuwa ameketi akisubiri chai. Akaokota kikuba kimoja, akakinusa, akauliza ni kitu gani humo kinachonukia kupita asumini. Bibi akamjibu bila kuinua uso, "Ni kilua, mwanangu. Kitu adimu hicho, hukipati sokoni." Mjomba akacheka. Akasema kwamba mti unaoota uani, nyuma ya jiko la mama yake, hauwezi kuitwa adimu, na kwamba mwenye kutaka kuonyeshwa kitu adimu amfuate matopeni akamwone kitwitwi wa mdomo uliopinda, kwa kuwa yeye ndiye anayejua walikuwa wengi kiasi gani zamani na wamebaki kiasi gani sasa. Bibi hakumwachia. "Kitwitwi? Ndege waliojaa pwani kama mchanga, ndio wawe adimu?" Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye mwalimu wa biolojia katika ukoo, nikate shauri.

Sikukata shauri siku ile. Tangu hapo kaskazi mbili zimepita, na katika muda huo nimekaa uani kwa bibi asubuhi nyingi kuliko nilizokaa tangu utotoni, na nimekwenda Sahare na mjomba maji yakipwa, mara nyingine na viatu vikabaki topeni. Nimeona kwamba swali lao halikuwa la mzaha. Ua na ndege hulinganishwa kila siku katika nyimbo na mashairi yetu, lakini huko hulinganishwa kwa uzuri tu, na mara zote ni waridi na tausi. Sijapata kusikia mtu akiweka kilua upande mmoja na kitwitwi upande wa pili, akauliza ni kipi kati ya hivyo tukikipoteza hatutakipata tena.

Nianze na kilua, kwa sababu bibi ndiye mkubwa.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajapata kukiona, kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani yanayonukia, kinachofungwa kwa uzi na kubandikwa kifuani kwa pini, na mwanamke aliyekivaa husikika harufu yake kabla hajaingia mlangoni. Ndani yake huwekwa asumini, mrehani, waridi, vipande vya mkadi na, penye bahati, vilua viwili vitatu. Bibi ana maoni makali kuhusu kila kimoja. Asumini kwake ni ya watoto, kwa sababu hunukia mara moja ikachoka. Mrehani hauna neno mpaka uufikiche. Mkadi hunukia lakini una miiba. Kilua ndicho anachokiita mwenye nyumba, kwa kuwa hata kikikauka kikatiwa sandukuni kati ya kanga, siku utakapofungua kifuniko utajua kwamba kimo humo. Sina sababu ya kumbishia, maana kanga aliyonipa nilipomaliza chuo ilinukia kilua hadi ilipofuliwa mara ya tatu.

Mti wenyewe, yaani mkilua, haukutazamishi. Ni kichaka kilichopanda kidogo, chenye majani ya kijani kilichokolea, na maua yake yana rangi iliyofifia, hujificha kati ya majani, hata mgeni anaweza kusimama karibu nao akanusa huku na huku bila kujua harufu inatoka wapi. Ukichuma ua moja ukaliweka kiganjani utaona linakwenda kwa tatu: majani ya nje ya kikombe matatu, kisha petali tatu, kisha petali nyingine tatu ndani yake, nene kidogo, zenye nyama, si nyepesi kama za asumini. Hesabu hiyo ya tatu-tatu ni alama ya ukoo wake, ambao ni ule ule wa mtopetope, mstafeli na mlangilangi. Katika ukoo huo ua kwa kawaida huwa la kike kwanza, kisha la kiume, na maua mengi huzalishwa na mbawakawa wadogo wanaoitwa kwa harufu. Nilipomweleza bibi kwamba manukato yale hayakukusudiwa maharusi bali mbawakawa, alifikiri kidogo, akasema mbawakawa nao wana haki yao, lakini waje baada ya yeye kuchuma.

Huchuma alfajiri, kabla jua halijafika uani. Hakubali mtu mwingine achume, kwa hofu kwamba atavunja kijiti ambacho mwakani kingetoa ua jingine. Nimemwona akigeuza jani moja moja kwa kidole cha shahada, polepole, kama mtu anayesoma, na akipata ua lililokomaa hulitia katika kitambaa chenye unyevu, si katika mfuko wa plastiki, kwa maana plastiki, anasema, hulifanya litoke jasho. Asubuhi njema hupata vilua sita au saba. Siku za harusi huja watu kutoka mitaa ya mbali kumwomba, naye hutoa viwili kwa kila anayeomba na huwa haongezi cha tatu, hata kwa shangazi yangu ambaye ni binti yake wa kwanza.

Jina la mti huu lina habari ambayo watu wengi wa pwani hawaijui. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki kabla ya kuhamia bustani ya Kew, Uingereza, aliuandika mti huu kitaalamu, akaona kwamba haufanani na jenasi yoyote iliyokwisha kutajwa kiasi cha kutiwa humo. Akaufanyia jenasi yake peke yake, na jenasi hiyo akaiita kwa jina lile lile alilolikuta vinywani mwa watu: Mkilua. Jina kamili ni Mkilua fragrans, na neno la pili ni la Kilatini lenye maana ya kunukia. Hakuna mkilua mwingine duniani. Jenasi nzima ina aina moja tu. Kwa hiyo mtaalamu wa Brazili au Japani akitaka kuutaja mti wa bibi yangu hana budi kutamka neno la Kiswahili, na huenda analitamka vibaya.

Makazi yake ya asili ni ukanda mwembamba: misitu ya pwani ya Kenya na ya huku kwetu kaskazini mashariki, pamoja na misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Ni mti wa kivuli, unaoota chini ya miti mikubwa. Nimekwenda Amani mara mbili kwa ajili yake, katika hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997, nikapanda kutoka geti la Sigi kwa miguu, nikanusa kila kichaka mpaka kijana aliyeniongoza akaanza kuniangalia kwa mashaka, na mara zote mbili sikuukuta. Kuna msitu mwingi wa chini ambao haupo tena wa kutafutwa ndani yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai huku ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyofunika tambarare kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe. Simlaumu mkonge, babu yangu alilisha watoto wanane kwa kuukata. Ila kila nipitapo Muheza kwa basi, nikitazama mistari ile iliyonyooka hadi upeo wa macho, hukumbuka kwamba mgeni aliyefika na miche 62 alipewa nchi nzima, ilhali mwenyeji alibakiwa na kivuli cha korongo na uani kwa bibi.

Nami nimepata somo langu la fedheha kuhusu mti huu. Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya mabishano haya, nilinunua mche kwa muuza miche wa kando ya barabara aliyeniapia kwamba ni mkilua. Nikaupanda mbele ya nyumba yangu, nikaumwagilia, nikawaringia majirani. Bibi alipokuja kunitembelea alilifikicha jani, akanyamaza, akasema tu, "Utaona." Mwaka wa nne ukatoa maua marefu, membamba, ya manjano, yanayoning'inia kama vidole vilivyolegea. Ulikuwa mlangilangi. Ni jamaa wa karibu, na majani yake machanga yanaweza kumdanganya mtu, tena unanukia vizuri sana, lakini mlangilangi uliletwa kutoka Asia na unaweza kuukuta kila mahali. Nimeuacha hapo hapo. Watoto wa jirani wanaupenda, na mimi hunikumbusha kutosomesha watu mambo nisiyoyajua.

Sasa nimfikie ndege.

Wavuvi wa Sahare huwaita vitwitwi ndege wote wadogo wanaokimbia kimbia ufuoni, na jina hilo limetokana na sauti yao wanaporuka. Ukikaa nao siku kadhaa utaanza kuwatenganisha. Yupo mweupe anayefukuzana na wimbi, akirudi nalo kama mtoto anayeogopa kulowa miguu, na huyo hana kidole cha nyuma. Yupo anayetembea peke yake akitikisa mkia bila kupumzika. Yupo mdogo kuliko wote, ambaye hamzidi shomoro kwa mengi. Na yupo wa mjomba, ambaye mdomo wake mweusi ni mrefu kuliko kichwa na umepinda kidogo kuelekea chini, na akiruka huonyesha kiuno cheupe juu ya mkia. Wataalamu humwita Calidris ferruginea. Huyu hupenda tope kuliko mchanga, kwa hiyo hutamwona mbele ya hoteli. Yuko nyuma ya mikoko, pale ambapo mguu wa binadamu huzama.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu mmoja wao alijinasa katika wavu ambao mjomba aliuacha matopeni usiku. Mjomba alimfungua uzi mmoja mmoja kwa subira ambayo sijamwona akiitumia kwa jambo jingine lolote, kisha akaniwekea kiganjani. "Mshike, lakini usimbane kifua." Nilishangazwa na wepesi wake. Uzito wake haukuzidi wa yai la kuku, na ndani ya yai hilo moyo ulikuwa ukipiga upesi hata mapigo yasihesabike, yakawa mtetemo mmoja tu dhidi ya vidole vyangu. Mgongo ulikuwa wa kijivujivu, lakini kifuani manyoya ya rangi ya kutu yalikuwa yameanza kuchomoza, moja hapa, mawili pale, kama nguo kuukuu inayotiwa viraka vipya. Niliutazama mdomo kwa karibu. Ncha yake, ambayo kwa mbali huonekana kama mwiba, ina ngozi yenye vitundu vidogo vidogo vya hisia, na kwa vitundu hivyo ndege huyu huupapasa mnyoo au chaza mdogo ndani ya tope bila kumwona. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya tope hilo hilo nikiona utelezi mtupu.

Akaruka kutoka kiganjani bila hata kutikisika, akatua hatua kumi mbele, akaendelea kula. Mjomba akasema, "Umeona? Hana muda wa kutuogopa. Ana safari."

Safari yenyewe ndiyo iliyonifanya nianze kuelewa upande wa mjomba. Ndege huyu hazaliwi huku. Huzaliwa katika nyika zisizo na miti za kaskazini kabisa mwa Siberia, kwenye rasi ya Taymyr na jirani zake, ambako kutoka Tanga ni karibu kilomita 10,000 hata ukienda moja kwa moja, jambo ambalo yeye halifanyi, kwani hutua njiani kwenye matope mengine kula na kupumzika. Hufika kwetu kuanzia mwezi wa nane, kusi ikiwa bado na nguvu, akiwa na mabaki ya rangi ya kutu. Huku hubadilisha manyoya ya mabawa, hukaa kaskazi nzima, kisha kuanzia mwezi wa tatu hula kama mtu aliyealikwa, mpaka akaongeza mafuta ya theluthi ya uzito wake au zaidi. Mwezi wa nne, upepo unapogeuka na kusi kuanza kusukuma kutoka nyuma, huondoka. Mabaharia wa majahazi nao walikuwa na hesabu hiyo hiyo ya kurudi: kuondoka na kusi. Tofauti ni kwamba jahazi lilikuwa na tanga na nahodha aliyefundishwa na baba yake, ilhali kinda wa kitwitwi hufika Sahare mara ya kwanza wakati mama na baba walikwisha kutangulia.

Nalo jina lake la kitaalamu lina kisa kilicho kinyume cha kisa cha kilua. Alipewa mwaka 1763 na Erik Pontoppidan wa Denmark, na ferruginea ni kusema mwenye rangi ya kutu. Hiyo ni rangi anayoivaa akiwa kwao wakati wa kuzaliana. Sisi tunaoishi naye miezi mingi ya mwaka tunamjua kwa kijivu, na ile kutu tunaionea mwanzo wake tu, siku chache kabla hajatuaga, kama bibi harusi anayevikwa nyumbani kwetu akaenda kuonwa kwa watu. Mkilua uliitwa kama unavyoitwa na waliokaa nao. Kitwitwi ameitwa kama wanavyomwona wale anaowapitia.

Niliposoma habari za uzazi wake nilikwenda kumsomea mjomba, naye aliacha kushona wavu. Jike hutaga mayai manne, akayaatamia peke yake, kwani dume huondoka mapema kurudi kusini. Lakini kupata makinda au kukosa hakutegemei yeye tu, kunategemea panya mmoja mnene wa kule barafuni aitwaye lemingi. Katika miaka ambayo lemingi ni wengi, mbweha wa huko hula lemingi wakashiba, na mayai ya ndege yakasalimika. Lemingi wakipungua, mbweha huyageukia mayai na makinda, na mwaka huo ndege wachanga wanaofika huku pwani ya Afrika ni wachache mno. Mjomba aliniuliza nirudie. Kisha akasema kwamba ndiyo maana: iko miaka kundi linafika limejaa wageni wasioogopa watu, na iko miaka wanakuja wazee watupu, na siku zote alidhani ni mambo ya bahari yetu.

Kwa hiyo huyu ndege mdogo wa Sahare amefungwa kamba na panya asiyemjua mtu wa Tanga, na upepo wa Bahari ya Hindi, na kila tope analotua kati ya huku na huko. Kamba moja ikikatika, zote hulegea. Nadhani hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya vitu hivi viwili, na ndiyo iliyonichelewesha kutoa hukumu. Mkilua ni adimu wa mahali. Upo hapa, haupo kwingine, nao ukilindwa mahali pake, au hata ukipandwa uani kwa mwanamke mmoja mkaidi, unaishi. Kitwitwi yuko kila mahali: Afrika, Asia ya kusini, mpaka Australia, na hesabu yake duniani ni ya malaki, lakini wingi huo hauna nyumba moja ambayo mtu anaweza kuifunga mlango akasema amemlinda.

Nilijua kwamba bibi angenipinga kwa wingi huo huo, kwa hiyo nilitafuta hesabu za wanaohesabu. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa ndege huyu katika kundi la wasio na wasiwasi mwaka 2015 likamtia katika la wanaokaribia hatari, na mwaka 2024 likampandisha tena hadi kundi la walio hatarini, kwa sababu idadi yake inashuka upesi. Si yeye tu. Katika orodha ya mwaka huo ndege kadhaa wa matopeni walipandishwa pamoja. Mjomba hakushangaa hata kidogo. Yeye hana takwimu, ana kivuli: anasema zamani kundi likipita juu ya ngalawa, kivuli chake kilikuwa kinafunika ngalawa nzima pamoja na mrengu, na sasa hupita kivuli cha kufunika ndoo.

Sababu za huku kwetu zinajadiliwa sana pale pwani, na si zote zinazokwenda upande mmoja. Mikoko ikikatwa, tope hukokotwa na mawimbi na chakula chake kikaenda nalo. Taka za mjini nazo hushuka na mvua za masika. Lakini kuna jambo lililonikwamisha. Mashamba ya chumvi, ambayo yametengenezwa kwa kufyeka mikoko, ndiyo hayo hayo ambayo vitwitwi huyakimbilia wakati wa bamvua, bahari inapopanda zaidi ya mita tatu na tope lote likafunikwa, wasiwe na pa kukanyaga. Nimewaona mamia kwa mamia wamesimama kwenye kuta za majaruba ya chumvi, kila mmoja ameukunja mguu mmoja, wote wameelekeza midomo upande wa upepo, wakingoja maji yashuke. Kwa hiyo siku hizi mtu akinieleza kwa urahisi kwamba mashamba ya chumvi ni mabaya, au kwamba ni mazuri, mimi humwomba twende kwanza tukasimame pale saa ya maji kujaa.

Hukumu niliyoitoa mwishowe, barazani pale pale, na chai mbele yetu, ilikuwa hii. Kwa uadimu bibi ameshinda: ndege wa malaki hawezi kuwa adimu kuliko mti ambao jenasi yake yote ina aina moja na makazi yake ni ukanda wa misitu iliyobaki vipande vipande. Kwa hatari, nilisema, mjomba ana hoja nzito kuliko tulivyomdhania, kwa sababu uani mmoja unaweza kuuponya mkilua, lakini nyua zote za Ngamiani haziwezi kumponya kitwitwi. Bibi akauliza kama hiyo ni hukumu au ni siasa. Mjomba akasema ni hukumu ya mwalimu, maana kila mwanafunzi amepata alama.

Sikuridhika nayo hata mimi. Kuna kitu ambacho maneno haya mawili, uadimu na hatari, hayakigusi, nacho ni namna tunavyovijua. Kilua hujulikana kwa pua, tena karibu, gizani hata. Ukikisogelea hakikimbii, na mtu aliyekinusa akiwa mtoto atakitambua akiwa mzee. Kitwitwi hujulikana kwa jicho na sikio, kwa mbali, na siku zote ukimsogelea husogea umbali ule ule uliousogea wewe. Bibi ameishi na mkilua wake zaidi ya miaka hamsini, na ni mti mmoja, anaujua kila kijiti. Mjomba ameishi na vitwitwi karibu muda huo huo na hajui kama yupo hata mmoja ambaye amemwona mara mbili. Nilimuuliza jambo hilo tukiwa tunarudi kutoka matopeni, naye akatembea hatua nyingi kabla ya kujibu kwamba yule wa wavuni angependa kumwona tena, lakini hakumtia alama, na wote wanafanana.

Mwaka jana, baada ya kuona nimerudi kutoka Amani mara ya pili mikono mitupu, bibi aliacha maua matatu bila kuyachuma. Kwake hiyo ni sadaka kubwa. Vitunda vilipoiva alinipa mbegu, akanielekeza nizipande chini ya mwembe na si mbele ya nyumba, nisizifukie sana, nisizimwagilie mchana wa jua, na nisimwambie mtu mpaka zimeota. Iliota moja. Sasa mche una majani matano, na la tano limefunguka juma hili hili ambalo vitwitwi wameondoka Sahare. Mjomba alinipigia simu jioni ya siku ile kunieleza kwamba kundi lilinyanyuka maji yakianza kujaa, likazunguka mara mbili juu ya mikoko likipiga kelele, likashika njia ya kaskazini, na kwamba wamebaki wachache tu, wale wachanga ambao mwaka wao wa kwanza huwa hawaendi.

Niliupeleka ujumbe huo kwa bibi pamoja na habari za jani. Akaniuliza hao ndege watarudi lini, nikamwambia mwezi wa nane. Akaniuliza kama mche wangu utakuwa umechanua. Nikamrudishia swali: wa kwake ulichukua muda gani? Akahesabu kwa vidole, akianzia kwenye ndoa ya shangazi yangu, akasema miaka minne, haikupungua. Basi, nikamwambia, kwanza waende na kurudi mara nne.